Naombeni ushauri: gari letu la mashindano limechemsha usiku, dogo kaungua mkono, na tochi nilikuwa nayo mimi

BintiNkuhungu aliandika:

Habari za usiku wakuu. Mimi humu huwa nasoma tu napita, ila leo ni siku ya nne silali vizuri nikaona bora niandike. Naombeni mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu.

Sisi ni familia ya hapa Dodoma. Baba ni fundi magari miaka yote, saivi ana 63, mama ana genge la mboga, kuna mjomba mwenye pikapu, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka 24 ambaye ndo dereva. Tuna Starlet EP82 ya milango miwili ambayo baba aliikuta uani kwa mtu imekaa juu ya matofali haina hata injini, akainunua kwa bei ya chuma chakavu, tukaiwekea injini ya 4E-FE, tukachomelea keji ya mabomba ndani, viti vya nyuma tukatoa, na tangu mwaka juzi tunashindana kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji. Ni shamba la mtu lililotengenezwa mzunguko wa kama mita 700, mnakimbia raundi nane nane. Hela ya maana hakuna. Ila Jumamosi sisi wote tunakuwa kwenye pikapu moja na jiko na chapati na madumu ya maji, na baba yangu ambaye wiki nzima haongei siku hiyo anaongea mpaka anachoka. Nasema hivi mjue hii kitu ina maana gani kwetu.

Kazi yangu ni kuandika muda wa kila raundi na kushika tochi. Makubaliano yetu ni kwamba tochi ikizungushwa, dogo anatoka nje ya mbio, hakuna maswali.

Jumamosi iliyopita ndo ilikuwa mara yetu ya kwanza kukimbia usiku. Baba na mjomba walishinda gereji siku mbili wanafunga taa nne za ziada juu ya bampa. Mbio ya kwanza dogo kashika nafasi ya pili, tukashangilia sana. Mbio ya pili, raundi ya tano hivi, nikaona kitu cheupe kinatoka pembeni ya boneti. Nikamwambia baba. Akasema ni vumbi hilo linaonekana jeupe kwa sababu ya taa za gari la nyuma. Na kweli vumbi lilikuwa jingi, nikanyamaza. Raundi ya sita akapita karibu yetu nikasikia harufu, ile harufu tamu tamu ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini. Vumbi halinuki vile. Nikainua tochi, kidole kiko kwenye swichi kabisa, baba akanishika kiwiko akaushusha mkono wangu, akasema "usimvurugie, yuko wa pili, zimebaki mbili".

Nikashusha.

Raundi ya saba kwenye kona ya juu injini ikazima ghafla, gari la nyuma likamgonga ubavuni, kwa bahati sio kwa nguvu, mlango umeingia ndani na rimu moja imepinda. Tukasukuma mpaka pembeni. Baba akafungua boneti akamwaga dumu zima la lita 20 juu ya rejeta ili ipoe haraka wawahi fainali. Dogo naye ana hasira ya kuzimikiwa, akachukua tambara akafungua mfuniko wa rejeta. Wakuu ule mvuke ulitoka na sauti. Mkono wa kulia kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Na maji yote tumeshamwaga kwenye gari, hatuna hata ya kumwagia mtoto wa watu, mtu mmoja akaja na dawa ya meno anataka kumpaka, mimi nakimbia huku na huku mpaka mama mmoja anayeuza chipsi akatupa ndoo yake ya kunawia wateja.

Zahanati tumefika saa tano usiku. Kurudi nyumbani gari inavutwa kwa kamba na pikapu, ndani hakuna anayeongea. Dogo kakaa na mimi nyuma kwenye bodi, bandeji mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, uliona?"

Sijamjibu mpaka leo.

Saivi hali iko hivi. Baba anasema itengenezwe haraka tukimbie tena mwezi ujao. Dogo anasema hapandi kama baba yuko pembeni ya kiwanja. Mama anasema liuzwe. Hela iliyopo ni laki tisa kutoka kwenye kikoba na mimi ndo nimeishika, kwaiyo wote wananitazama mimi. Naomba kujua, injini itakuwa imekufa au inaokoleka? Na hili la pili nashindwa hata namna ya kuliuliza. Namwambiaje mdogo wangu?

FundiMakulu alijibu:

Pole sana dada, mpe dogo pole.

Kwanza kabisa msiwashe hiyo injini, hata kwa "tusikilize kidogo tu". Mwambie mzee achomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa basi maji yameshaingia, hedi gasketi imekwenda, ile ya kuziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku. Ikiwa safi bado msishangilie, apime kompresheni, yaani mbano wa hewa, silinda zote nne, mbili zilizopakana zikiwa chini zote kwa pamoja gasketi imekatika katikati yao. Kisha hedi itolewe, ile ni aluminiamu, ikichemka inapinda. Aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na apitishe fila geji chini yake, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwenye hizi Toyota ndogo ikizidi 0.05 mm inapelekwa kwa mtu wa mashine ikapigwe skimu, yaani uso usagwe unyooke. Wengi huku mtaani wanabadilisha gasketi tu wanafunga, baada ya wiki mbili wanarudi wanalia.

La pili, mfuniko wa rejeta. Watu wanaudharau. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi wala hayafiki 100. Mfuniko mzima wa 0.9 (hiyo namba ni presha unayoweza kubana) unayabana mpaka yapite 110 bila kuchemka. Springi yake ikilegea yanaanza kuchemka mapema yanamwagika. Na ndio maana dogo kaungua vile, maji yaliyobanwa yakiwa na nyuzi mia na kitu ukiyafungulia ghafla yanageuka mvuke palepale, tambara halisaidii chochote. Injini ikishachemka mfuniko haufunguliwi mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta na usikie kawaida. Nusu saa, wakati mwingine zaidi. Na lile dumu la maji ya baridi juu ya chuma cha moto nalo ni njia ya kupasua hedi, mzee anajua hilo, alipaniki.

Rejeta mnaijaza maji gani?

Muuguzi_Kizota alijibu:

Nitaongelea mkono tu, magari siyajui.

Mlifanya vizuri kutafuta maji kwanza. Mtu akiungua ni maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, hata kama analia inatosha. Barafu hapana. Dawa ya meno, yai, unga wa ngano, asali, mafuta ya gari, vyote hapana, vinashika joto ndani na sisi tunakuja kuvibandua kwenye kidonda kibichi. Mvue pete na saa mapema kabla hajavimba. Malengelenge msiyapasue. Muulize kama alichomwa sindano ya pepopunda, maana pale ni shambani na kuna vumbi na samadi, kama hajachomwa arudi kesho. Akianza kunuka kidonda, homa, au vidole kufa ganzi asisubiri tarehe ya kliniki.

Na awe anakunja na kukunjua vidole kila siku hata kama inauma, mkono wa kulia wa dereva ukikakamaa ni shida ya maisha.

BintiNkuhungu alijibu:

Asanteni sana jamani. Pete alikuwa hana. Sindano kachomwa.

Fundi, baba kachomoa kijiti leo asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ni chai ya maziwa kabisa, kakiangalia muda mrefu akakifuta kwenye suruali akaondoka bila kusema kitu.

Maji tunajaza ya kisima cha nyumbani, yana chumvi kidogo, mwanzo wa msimu tulianza na kulanti ila ikipungua tunaongeza maji tu.

FundiMakulu alijibu:

Hapo sasa. Angalia sufuria ya mama anayochemshia maji ya kisima, ule ukoko mweupe wa chini. Ndio uko ndani ya mirija ya rejeta yenu. Visima vingi vya huku ndivyo vilivyo. Kajaze maji ya mvua mliyokinga au yale yasiyo na chumvi ya kuongezea kwenye betri (siyo asidi), changanya na kulanti nusu kwa nusu. Rejeta ipelekwe ikafunguliwe isafishwe, na kwa nje ipigwe upepo kutokea upande wa injini kwenda mbele, vumbi na mbegu za majani zitoke kule zilikoingilia.

WayaMoja alijibu:

Samahani, kuna kitu hakijaguswa. Mmesema taa nne zimefungwa siku mbili kabla. Ni za wati ngapi na moto mmeutoa wapi?

BintiNkuhungu alijibu:

Nimemuuliza mjomba. Wati 100 kila moja. Anasema moto waliuchukua kwenye waya wa feni ya rejeta kwa sababu ulikuwa karibu.

WayaMoja alijibu:

Basi tumeshamkamata mwizi. Wati 100 mara nne ni 400, gawa kwa volti 12 unapata ampea 33. Ongeza na feni yenyewe, ampea kumi na kitu. Kama fyuzi ni ya 30 haiwezi kuishi. Mbio ya kwanza ilivumilia kwa sababu fyuzi ikizidiwa kidogo haikatiki palepale, inapata moto polepole. Kafungueni kisanduku, nina uhakika fyuzi ya feni imekatika na soketi yake imeyeyuka pembeni.

Kama fyuzi imekatika na taa nazo zilizima pamoja, dogo angejua. Taa zilizima?

BintiNkuhungu alijibu:

Hapana taa ziliwaka mpaka mwisho.

Nimerudi kutoka gereji. Fyuzi iko nzima. Ila soketi ya feni, ile plastiki nyeupe inayoungana na mota, imeyeyuka imekuwa kama nta ya mshumaa, pini moja imechomoka nyeusi. Na fyuzi sio ya 30, mtu aliweka ya 40. Nimemuuliza baba nani kaweka 40, akasema yeye, kwa sababu ya 30 ilikatika wakati wanajaribu taa.

WayaMoja alijibu:

Ndio hivyo. Fyuzi ilikuwa inawaambia, wakaizima mdomo. Moto ukatafuta sehemu nyingine dhaifu ukaikuta soketi ya feni. Kiwanja chenu ni kifupi, gari iko gia ya pili muda wote, injini inalia elfu sita, upepo wa mbele hakuna kama unavyokuwa barabara ya Singida. Bila feni raundi tano ni nyingi mno.

Dawa ni rahisi, taa ziwe na waya wao mnene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi yao, relei yao (ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo). Hata zipunguzwe ziwe mbili. Feni isiguswe na mtu. Na geji ya joto mbona dogo hakuiona?

BintiNkuhungu alijibu:

Balbu ya dashibodi imekufa tangu tumenunua. Mchana haikuwa tatizo.

Mpwapwa_Kwanza alijibu:

Uzeni tu hilo gari. Laki tisa ni bati za chumba na sebule. Mtoto keshaungua, mnasubiri nini kingine?

KonaYaJuu alijibu:

Simjibu vibaya mkuu hapo juu, ni mawazo yake. Mimi ni dereva, nakimbia viwanja kama hivyo, nataka kumjibu dada swali lake la pili kwa sababu naona watu wanaliogopa.

Ukiwa ndani usiku na helmeti huoni kitu zaidi ya kipande cha njia mbele yako. Geji unaitazama labda mara moja kwenye sehemu iliyonyooka. Harufu huisikii, unameza vumbi. Aliye nje ndo macho yako na pua yako. Ndo maana mimi nikiona taa ya mtu wangu natoka, hata niwe wa kwanza, na yeye anajua sitamuuliza kwa nini mpaka nivue helmeti. Ile imani ikivunjika unaendesha ukiwa na mashaka, na ukiwa na mashaka unagonga watu.

Dogo anajua uliona. Bila hivyo asingekuuliza. Anachotaka kujua ni kama utamwambia. Mwambie ndiyo niliona, niliinua, nikashusha. Usimtaje baba kwenye sentensi hiyo. Ukianza na "baba alinishika mkono" atasikia unajitetea, na hasira yake yote itakwenda kwa mzee ambaye tayari anayo ya kumtosha.

Mzee_wa_Bahi alijibu:

Mbukwenyi. Binti yangu nimesoma yote taratibu.

Mimi ni rika la baba yako nimemzidi kidogo. Sisi tulikua tukisikiliza habari za Safari Rally kwenye redio, na mtu wetu alikuwa dereva Joginder Singh. Bila shaka baba yako naye anamtaja?

BintiNkuhungu alijibu:

Shikamoo mzee. Kila siku! Jumamosi ile kwenye pikapu wakati wa kwenda alikuwa anasimulia hiyo hiyo, kwamba Joginder alikuwa hasimami gari likiwa bado linatembea.

Mzee_wa_Bahi alijibu:

Marahaba mwanangu. Basi mkumbushe nusu ya pili ya habari, maana vijana wa wakati ule tulishika ile ya kwanza tu. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Mwaka 1965 alishinda na Volvo PV544 iliyokwishatumika, na aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa ndugu yake wa damu, Jaswant. Ndugu wawili ndani ya gari moja, mmoja anaendesha mwingine anasoma njia, na wa pili akisema punguza, wa kwanza anapunguza. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu hawi hivyo kwa kuua injini.

Ila usimwendee na hilo kama fimbo. Baba yako alikishika kijiti cha oili akakifuta kwenye suruali akaondoka. Mimi ni mwanaume wa umri ule, najua alikwenda kufanya nini. Fundi wa miaka yote kuweka fyuzi ya 40 kwa mkono wake na mwanawe akaungua, hakuna neno utakalomwambia ambalo hajajiambia. Mtafute akiwa na kazi mkononi, usimkabili uso kwa uso. Mshikie spana. Mwombe kitu kimoja tu, kwamba tochi ni yako, na ikiinuliwa hakuna mkono wa kuishusha, hata wake. Usiombe samahani yake, itakuja kwa njia yake au haitakuja.

Na kijana asipande gari mpaka mkono upone, hilo halina mjadala.

BintiNkuhungu alijibu (baada ya siku tisa):

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya.

Hedi ilitolewa Jumanne, fila geji ya 0.15 ilipita katikati. Imepigwa skimu, gasketi mpya, rejeta imefunguliwa, yule jamaa alitoa ukoko kama maganda ya mayai. Yote pamoja na soketi ya feni na waya haijafika laki nne. Zilizobaki nimemrudishia mama kwenye kikoba na mama hajasema tena liuzwe, ila hajasema lisiuzwe pia.

Na dogo niliongea naye. Nilikuwa nambadilishia bandeji, nikasema kama KonaYaJuu alivyosema, ndiyo niliona, niliinua tochi, nikashusha. Alinyamaza nikamaliza kufunga. Akasema, "nilijua, niliona mwanga wa taa za watu ukipita kwenye kioo cha tochi yako ikiwa juu". Kumbe usiku ule aliiona ikiinuka na akaiona ikishuka. Nililia pale. Akaniambia nisilie kwenye kidonda.

Baba nilimfuata jana wakati anafunga nati za hedi. Anakaza kwa mpangilio, anaanzia katikati kwenda nje, nikawa namsomea namba kwenye spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Zilipobaki nati mbili nikamwambia la tochi. Hakunijibu. Akamaliza zote. Akaenda kwenye kisanduku chake akarudi na balbu ndogo ya dashibodi, akaingia ndani ya gari akalala chali chini ya usukani dakika nyingi tu, alipotoka akawasha switchi na geji ikawaka, akaniita nikae kiti cha dereva niangalie kama inaonekana vizuri. Halafu akasema, bila kunitazama, "na wewe utafute tochi kubwa zaidi, ile haifiki kona ya juu".

Mwezi ujao hatukimbii, mkono bado. Dogo anasema akipona atapanda, na baba aje, ila akae upande wa pili wa pikapu. Baba kasema sawa.

Nina swali moja limebaki, mfuniko mpya dukani nimekuta wa 0.9 na wa 1.1, muuzaji anasema 1.1 ndo bora kwa mashindano. Nichukue upi?

FundiMakulu alijibu:

Chukua 0.9. Hiyo rejeta na mipira yake ni ya zamani, 1.1 itakupasulia mpira kwanza. Na uukague kabla ya kila mbio, ule mpira wa chini ukiwa na ufa tupa.

BintiNkuhungu alijibu:

Sawa fundi. Nimechukua miwili, mmoja wa akiba.